Baba mkwe amekosa mapigo

Mwenzangu, sijui hata uso niuweke wapi.

Niko zamu kliniki, baba mkwe kaja kupimwa. Naweka kipimo kifuani kushoto nisikilize moyo, kimya. Nasogeza kidogo, kimya. Nikapiga ukelele kliniki nzima ikasikia: "Daktari, baba hana mapigo."

Naye kakaa pale anatafuna karanga. "Mwanangu, nimekufa saa ngapi?"

Karanga, mwenzangu.

Daktari akasikiliza kulia. Moyo uko huko, unadunda zake. Anasema tukiwa bado tumboni, vijinywele vidogo mno vya seli husukuma majimaji kuelekea kushoto, ndipo mwili unapojua moyo ukae wapi. Vyake havikusukuma, moyo ukajichagulia kulia.

Sasa hivi kwenye kundi la familia kabadilisha jina. Anajiita Marehemu.