Chungu cha Ambakisye

Ambakisye, rafiki yangu,

Ugonile? Najua umelala, tena hakuna aliyelala kama wewe, lakini salamu ni salamu.

Kwanza nikwambie, habari ya chungu chako watu wote wanaisimulia vibaya. Hapa Ipyana wanasema radi ilikipiga. Ngonga wanasema mzimu wa bibi yako ulikitemea mate. Na Lyulilo sokoni, wanakokufahamu, ndiyo mbaya zaidi. Wanasema marehemu alitia maji kwenye mawese, ndiyo maana yakachacha. Wewe! Mtu uliyekuwa bahili hata wa maji ya kunawa! Mwenye habari kamili ni mimi. Wa kunibishia ulikuwa wewe tu, na sasa hubishi tena. Raha gani.

Unakumbuka mawese yako ya mwisho yalivyochacha humo chunguni. Ulionja, ukakunja uso, ukaniambia, "Onja na wewe, usiniache peke yangu." Wiki ileile ukaondoka. Sikulia. Muulize yeyote, yalikuwa mavumbi tu machoni, masika yote.

Sasa Tusekile, binti yako, akarithi michikichi, kinu na lile jina baya. Anakaa Lyulilo na madumu yake kutwa, wanunuzi wanapita kama hawamwoni. Mama Tabu, yule anayevusha mizigo kwenda Malawi, akamwambia mbele za watu, "Mwanangu, mafuta ya kwenu yanaogelea." Tusekile akarudi nyumbani, akashika mchi, akaenda kukivunja chungu. Nikakikumbatia. Mimi, na mgongo huu! Kinanuka, ndani kimeota ukungu kama ndevu zako. Nikamwambia, "Piga, lakini anza na mimi." Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ndipo akaja binti mmoja wa chuo, anatafuta ukungu unaoota penye mafuta. Sisi tunasugua utoke, yeye anautafuta! Alipochungulia chunguni alifurahi kama aliyekutana na mjomba wake stendi. Akakwangua, akaenda zake, miezi ikapita, akarudi na majibu. Nikampakia bodaboda mpaka Lyulilo.

Sikiliza ninavyoeleza mimi, maana yeye anajua mambo ila hana mikono ya kusimulia. Mafuta, kila chembe yake ina kichwa kimoja na mikia mitatu. Ukungu hauna meno, kwa hiyo unatuma vibarua wadogo wadogo, wanaitwa vimeng'enya, waende wakakate mikia. Mikia ikishakatika, ndiyo ule uchachu uliokukunja uso. Na kimeng'enya chenyewe kimejikunjakunja kama fundo la kanga. Ndani kina shimo, shimoni kuna mafiga matatu, na hapo ndipo mkia unapokatiwa. Ondoa figa moja, hakuna kazi. Juu ya shimo kuna kifuniko. Kikiwa kwenye maji matupu, kimefunga. Kikigusa mafuta tu, kifuniko hicho, wazi! Nikamwambia binti, huyo ni Ambakisye mwenyewe: msibani kimya, nyama ikija mdomo wazi.

Akasema viwandani wanaufuga ukungu wa namna hiyo kwenye matangi, wanakusanya vimeng'enya vyake na kuvitia kwenye sabuni ya unga, ing'oe mafuta hata kwa maji baridi. Nikavua shati langu palepale sokoni, lile lenye doa la mawese tangu harusi ya Tusekile. Binti akaliloweka kwenye beseni na maji ya ukungu wako aliyokuja nayo toka chuo. Tukangoja, mimi kifua wazi, wanawake wananisihi nivae chochote. Lilipotoka, wekundu ulibaki, lakini ule utelezi wa mafuta haupo. Mama Tabu akalifikicha, akanusa, akafikicha tena.

"Kumbe ni ukungu," akasema. "Maskini baba wa watu."

Binti akataka kuongeza kwamba kazi ile inahitaji maji kidogo, yaani chungu kilikuwa hakijakauka vizuri. Nikakohoa mpaka akasahau alichotaka kusema. Ulikuwa mvivu wa kuanika vyombo, Ambakisye. Hilo libaki kwetu wawili.

Tusekile sasa anarudi na madumu matupu. Mawese yake anaweka kwenye vyombo vikavu. Chungu kiko kwangu, nyuma ya mlango. Nakuahidi hakuna atakayekivunja, wala tone la mawese halitaingia humo tena. Siku nyingine nakaa karibu nacho. Kinanuka kama wewe, na chenyewe hakinikatizi maneno.

Lala basi. Ndaga kwa yote, hata kwa kunionjesha ule uchachu.

Mimi, Anyelwisye.

Ila kitu kimoja, kabla hujakisikia huko kwa mwingine. Nimetangaza sokoni kwamba chuo kimeupa ukungu ule jina lako. Hicho nimekitunga. Binti alibandika namba tu kwenye kichupa. Lakini jana mteja mmoja alitaja tena habari ya maji, Mama Tabu akamfokea, "Wewe hujui ukungu wa Ambakisye?" Tusekile alikuwa pale, akacheka.

Sasa mimi ni nani nimsahihishe?