Mombasa au Malindi, na Neno Nililomficha Mama

Jumamosi, mwisho wa Novemba. Asubuhi jua kali, alasiri mvua ya mawe. Nimerudi mjini viatu vimelowa na kichwa kizito, lakini naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Leo ilikuwa siku ya kuamua. Likizo yangu inaanza Desemba, na tangu Agosti nimemwahidi Mama kwamba mwaka huu nitampeleka pwani. Ana miaka sabini na miwili na hajawahi kuiona bahari. Alifundisha darasa la tano karibu maisha yake yote, huko Bukura na shule za jirani. Kila mwaka alichora Fort Jesus ubaoni kwa chaki, kisha kando yake mnara wa Vasco da Gama wa Malindi. Watoto walinakili kutoka ubaoni. Yeye alikuwa amenakili kutoka kitabuni.

Kwa hiyo swali lilionekana rahisi. Mombasa au Malindi? Ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini magoti yake hayataki kuhangaishwa, na mimi nina wiki moja tu kabla ya kurudi kwenye duka la dawa. Tulikubaliana tuchague mji mmoja tuuone vizuri.

Nilikwenda kwake Bukura na karatasi. Upande wa Mombasa niliandika ngome, Mji wa Kale, milango ya mbao iliyochongwa. Chini yake joto, umati, ngazi. Upande wa Malindi niliandika mnara, kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, magofu ya Gede ndani ya msitu. Utulivu. Ardhi tambarare. Ungeisoma karatasi hiyo ungedhani nilipima kwa haki.

Sikupima kwa haki. Nilitaka Malindi, na sababu yenyewe sikuiandika.

Kaka yangu Josphat anaishi Malindi. Ni mpishi kwenye hoteli moja huko. Ni mimi na yeye tu tuliozaliwa na Mama, na Mama hajazungumza naye kwa miaka sita, tangu Baba azikwe. Josphat hakuja mazishini. Mtoto wa kiume wa pekee, hakuja. Baba mdogo ndiye aliyetupa udongo wa kwanza mahali pake, na watu wa kijiji walisema waliyosema, wengine hata hawakupunguza sauti. Tangu siku hiyo Mama halitaji jina lake. Ikilazimu, anasema "yule wa pwani". Josphat alimpigia simu mara moja baada ya mazishi, Mama akaizima. Hakupiga tena. Huniandikia mimi kila Krismasi: Mama yuko? Namjibu: Yuko. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima.

Sasa lile ambalo sijawahi kuliandika popote.

Josphat alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemzuia.

Baba aliugua figo miezi minane. Miezi hiyo yote nilikuwa natoka kazini naenda hospitalini, nikitoka hospitalini naenda Bukura kumwangalia Mama, kisha asubuhi kazini tena. Josphat alikuja mara moja, akakaa siku mbili, akarudi kwa sababu hoteli ilikuwa na wageni. Nilimchukia kwa zile siku mbili. Baba alipofariki, alinipigia simu akilia, akaniuliza mazishi ni lini ili atafute basi. Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia Baba mwenyewe, kabla hajafa, alisema Josphat asikanyage hapa.

Baba hakusema hivyo.

Wiki yake ya mwisho, Baba aliniuliza kila siku, "Josphat amefika wapi?" Kama vile yuko njiani. Nilikuwa namjibu kwamba anakuja.

Nilidhani nitasahihisha kabla ya mazishi. Halafu nikadhani nitasahihisha baada ya arobaini. Kisha Mama akaacha kumtaja, na kila mwezi uliopita ulifanya jambo lile liwe gumu zaidi kuanza. Mpango wangu wa Malindi ulikuwa hivi: tufike huko, wakutane kama kwa bahati, wakumbatiane, na mimi nisiulizwe kitu. Sijivunii. Ni mpango wa mtu mwoga, na niliupangia karatasi kabisa.

Mama alikuwa jikoni anachambua kunde. Nilimsomea orodha yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayesoma insha aliyoandikiwa na mwingine. Kisha akasema Mombasa. Alisema amechora ile ngome hadi chaki zikaisha, anataka kuugusa ukuta wake. Nikamwambia kuna ngazi. Akasema atapanda polepole. Nikamwambia kuna joto. Akasema Malindi nako hakuna barafu.

Nikarudia tena habari za utulivu. Hapo akaweka kunde chini.

"Rispa," akasema, "mimi si mtoto wa darasa la tano. Najua ni nani anaishi Malindi. Usinipeleke kwa mtu ambaye hakumzika baba yake."

Ningeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa hapo, ningeandika Mombasa, tungekula, ningerudi mjini. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema. Nilimwambia yote, kuanzia simu ya Josphat hadi maneno niliyombandikia Baba, na yale ambayo Baba aliuliza kweli. Sikulia. Nilieleza kama ninayemweleza mteja jinsi ya kumeza dawa, mara mbili kwa siku baada ya chakula. 

Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mama alisubiri ipungue ndipo anisikie vizuri, au ndipo nimsikie.

"Siku ulipomwambia hivyo," akauliza, "alilia?"

"Alikuwa analia tayari. Aliacha."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda chumbani akafunga mlango. Alikaa huko muda wa mvua yote. Nilimalizia kuchambua kunde, nikaziosha, nikaziweka motoni kwa sababu sikujua mikono niifanyie nini. Nilifikiri anaomba. Nilifikiri amelala. Nilifikiri pia kuondoka, lakini niliona nikiondoka hivyo sitarudi tena kwa urahisi.

Alipotoka alikuwa amebadilisha nguo, amevaa lile gauni la buluu la kanisani. Aliomba simu yangu na namba ya Josphat. Akatoka nayo barazani. Nilisikia maneno mawili tu, "Ni mimi." Baada ya hapo alizungumza Kiluhya kwa sauti ya chini, na nikajilazimisha nibaki jikoni. Nilistahili angalau kutosikia.

Aliporudi, alinipa simu, akaketi, akala. Alikula vizuri. Mimi sikuweza. Nilimuuliza kama amenisamehe. Ndiyo, niliuliza hivyo, kabla hata hajameza tonge la tatu. Sijui kwa nini tunaharakisha mambo kama hayo.

Akaniambia hataniambia ni sawa, kwa sababu si sawa. Akasema miaka sita amekuwa akipita kaburini akimwomba Baba msamaha kwa kumzalia mtoto asiye na haya, kumbe mtoto mwenyewe alifukuzwa. Akasema pia kwamba anajua ni nani aliyembeba Baba kutoka kitandani hadi bafuni miezi minane, na kwamba hilo nalo halijafutika. Yote mawili atayabeba, akasema, ila asiharakishwe.

Kisha akaamua safari, kama mwalimu anayepanga ratiba.

"Tutapanda basi moja. Wewe utashuka Mombasa. Mimi nitaendelea hadi Malindi, Josphat atanipokea stendi. Nataka kuwa na mtoto wangu kwanza, peke yetu."

Nikauliza kuhusu Fort Jesus, kwamba ndiyo aliyotaka kuigusa.

"Imekaa hapo miaka mia nne na zaidi. Itaningoja. Wewe kaa Mombasa. Tukiwa tayari, nitakuita."

Sikubishana. Nilipofika mjini Kakamega nilipitia ofisi ya mabasi kabla haijafungwa. Karani, dada mmoja mpole, aliangalia alichoandika mara mbili. Viti viwili pamoja, tikiti moja ya Malindi na moja ya Mombasa. Akaniuliza kama nimekosea, kwani wengi husafiri hadi mwisho na mzazi. Nikamwambia hapana, ndivyo tulivyopanga.

Jioni hii nimeandika ujumbe kwa Josphat nikaufuta mara nne. Mwishowe nimemtumia huu tu: Nilikudanganya. Baba alikuwa anakuuliza kila siku. Mama atakueleza, nami nitakueleza ukinikubalia.

Ameusoma. Hajajibu.

Nina siku saba za likizo. Inawezekana zote saba nitazipitisha Mombasa peke yangu, nikizunguka kuta ambazo mtu mwingine alitaka kuziona, simu mkononi. Inawezekana niitwe siku ya pili. Sina la kufanya kuharakisha hilo, na kwa mara ya kwanza sitatunga njia.

Ninachojiuliza ni hiki: nikiitwa, nikasimama mlangoni kwa kaka yangu, nitaanza na neno gani?