Kiti cha Mama Kimebaki Mlimani

Kaltenfähr,
Kando ya Mto Mosel,
12 Februari 1995.

Mpendwa kaka Volkmar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sigrid na watoto hawajambo? Baridi ya Winnipeg imewabakizia vidole? Sisi tu wazima, ila viganja vyangu vimechubuka kwa ufagio, na sababu utaisoma.

Karatasi za nyumba ya kutunzia wazee ulizonitumia zilifika. Unasema Mama, na miaka yake themanini na mitano, asikae tena peke yake kando ya mto. Sikuwa na la kukupinga. Nilikuwa nimeshika kalamu nitie saini, ndipo mto ukafurika.

Maji yalipogusa ngazi ya pili ya kanisa, watu wa juu mlimani waliacha milango wazi wakashuka, kama kawaida. Kila nyumba ya juu ina nyumba yake ya chini, ambayo hubeba watu wake na vyombo vyao. Yetu, unakumbuka, ni ya Ottmar Zens, ambaye Mama hajamsemesha miaka kumi na mmoja kwa ajili ya ule ukuta wa shamba la mizabibu. Nikajua safari hii hatuna mtu.

Ottmar akaingia bila kubisha hodi, buti zinachuruzika, akamfokea Mama.

"Walburga, inuka kwenye hicho kiti. Au unangoja mto ukuchemshie kahawa?"

"Ukwaruze kabati langu, Ottmar, utanitambua!"

"Kabati gani? Wadudu wameshalimaliza!"

Akalibeba. Akabeba na kiti. Mwisho akambeba Mama mgongoni, naye anamtukana njia nzima.

Siku ya tatu maji yakaanza kupungua, tukafagia tope litoke na maji hayo hayo kabla halijakauka. Watu kumi na wanne walikuwa sebuleni mwetu, na hakuna aliyeitwa. Nawapenda watu hawa, Volkmar. Nililia na ufagio mkononi.

Vitu vyote vimerudi isipokuwa kiti. Mama hataki kiteremshwe. Kila alasiri anapanda kwa Ottmar na fimbo yake na kipande cha keki ya plamu, anakikalia, wanagombania ukuta hadi giza linaingia. Mtaa mzima unawasikia.

Karatasi zako nazirudisha humu, bila saini. Ukitaka Mama ahame, njoo mwenyewe ukakiombe kile kiti kwa Ottmar.

Msalimie Sigrid, uwabusu Annelie na Jost. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Mimi dada yako nikupendaye,
Irmtraud