Jani Lililokatwa kwa Makasi

Suswa, 12 Mei 2025

Kwa dada Jacklyne,

Niaje, sista? Natumaini wewe na Mama mko wazima hapo Kaloleni. Mimi niko sawa, ila vumbi limenikausha koo. Huku mlimani hakuna mtandao, kwa hiyo nimeshuka hadi senta nikutumie picha. Nataka uichapishe kubwa pale kazini kwako Kariobangi.

Iangalie polepole. Hayo mawe meusi yaliwahi kutiririka kama uji. Mlima huu haukutokea mara moja, Jacky. Ulitapika moto, ukapoa, ukatapika tena juu ya matapishi yake, na ndivyo ulivyokua. Mawe yakishapoa hayakubali mmea. Kwanza huja ukoga, unayalamba miaka na miaka mpaka yalegee. Upepo unaleta vumbi kwenye ufa, mvua inalilowesha, ndipo mmea unapata pa kushika. Ndiyo maana hilo ua jekundu linanitoa machozi. Limeota lenyewe, na hayo ndiyo maneno niliyoandika chini yake.

Maonyesho ni tarehe 7 Juni, ukumbi wetu wa Kaloleni. Mshindi anachukuliwa kazi na jarida la picha za asili. Nimechoka kupiga picha za harusi za watu, dada. Hii ndiyo ya kunitoa.

Mdogo wako,
Frankline

Kaloleni, 15 Mei 2025

Mdogo wangu Frankline,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama na magoti yake. Kwenye simu niliona uzuri mtupu. Nikaichapisha, ukubwa wa mlango, nikaitundika ikauke, nikaenda kunywa chai. Niliporudi macho yakaangukia jani la chini. Ncha yake imekatwa mshazari, kwa makasi.

Unamjua mtu anayekata ncha za majani zilizokauka kwa makasi ya kushonea. Na unaujua mkebe wa rangi wenye ua la Mama, uliopotea barazani wiki ya Pasaka, ulipokuja kutusalimia.

Labda hujui yaliyofuata. Mama alisimama mferejini, akina mama wote wakiwa na ndoo zao, akamwita Mama Tobias mwizi wa ua alilotoka nalo Vihiga akiwa bi harusi. Mama Tobias alibeba ndoo yake ikiwa nusu akaingia ndani. Ni majirani tangu hatujazaliwa, na sasa hawasalimiani.

Niambie nimekosea, tafadhali.

Dada yako,
Jacklyne

Suswa, 24 Mei 2025

Dada Jacklyne,

Natumai mko salama. Nimekawia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Hukukosea.

Nilingoja huku masika nzima ua liote kwenye haya mawe. Liliota moja upande wa pili, mbuzi wakalila kabla sijafika. Kwa hiyo ua la namna hii huota huku, dada, si uongo mtupu. Mimi nililihamisha tu. Mchoraji naye hupanga vitu vyake, na hakuna anayemwita mwongo.

Habari ya Mama Tobias imenichoma. Nitaimaliza baada ya maonyesho, naapa. Mpaka hapo nisaidie jambo moja: Mama asifike ukumbini. Sema ni magoti. Sema kuna ngazi.

Mdogo wako,
Frankline

Kaloleni, 28 Mei 2025

Frankline,

Salamu utazipata ukinijibu vizuri. Ukumbi hauna ngazi, na Mama anaujua kuliko wewe. Picha yenyewe hajaiona, lakini ameshaionea fahari kanisani, ameshashona gauni. Unataka nimfungie ndani siku mwanawe anasifiwa?

Panga picha upendavyo, sina neno. Lakini umeandika limeota lenyewe, na jirani yetu anaitwa mwizi. Waandikie waamuzi uiondoe. Mama hatayasikia haya kwangu, ila sitamzuia mlangoni.

Jacklyne

Kaloleni, 8 Juni 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilingoja jibu lako, ukanyamaza. Jana nikaitundika, kwa kuwa ni kazi yako na hukusema iondolewe. Nikakusubiri mlangoni, hukuonekana.

Waamuzi walisimama mbele ya picha yako muda mrefu kuliko zote. Mmoja akasoma maneno yako kwa sauti, watu wakapiga makofi, wakamwita Mama apigwe picha kando yake. Alisogea akitabasamu, akavaa miwani. Nikaona tabasamu linamtoka. Aliniangalia, nami sikuweza kumtazama.

Mama Tobias alikuwa nyuma kabisa. Mama alitembea mpaka alipo, taratibu na yale magoti.

"Mama Tobias, nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo nitakuomba msamaha mbele ya watu. Ua langu hukuchukua wewe. Ni lile pale ukutani. Lile jani nililikata mwenyewe."

Mwamuzi akauliza, "Una uhakika, mama?"

"Aliyepiga picha ni mwanangu. Kama singekuwa na uhakika ningenyamaza."

Picha ikashushwa. Mama Tobias akamshika mkono, wakatoka pamoja. Mimi nilibaki nikilia kama mtoto, kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Mama hajasema neno baya juu yako. Ameuliza tu kama ua lake liko hai, na kama unalinywesha maji.

Dada yako,
Jacklyne

Suswa, 11 Juni 2025

Mama yangu,

Pokea salamu zangu, ingawa naona haya kukuuliza hali.

Ua limekufa, Mama. Udongo niliuweka kwenye ufa kwa mkono, na upepo ukaubeba. Nililiona likinyauka. Mkebe wake nilikuwa nao pale pale, ningeweza kulirudisha. Badala yake niliendelea kupiga picha mpaka mwanga ulipoisha. Hilo hata Jacklyne halijui.

Halijui na hili pia. Jumamosi nilifika. Nilikuwa nje, dirishani, nikakusikia ukisema ni mwanangu. Nikageuka nikarudi stendi.

Nakuja Jumamosi hii. Nitaanzia kwa Mama Tobias, mchana, watu wakiwa mferejini wanasikia. Kisha nitabisha kwako.

Mwanao,
Frankline