Ulanzi Mdomoni mwa Zawadi

Mama, kamwene.

Leo ni wiki ya saba tangu tukulaze pale juu makaburini, na bado nikiamka nasikiliza kama unakohoa. Kambi ni ile ile, chai inachumwa. Kilichobadilika ni kwamba Zawadi wangu hana wa kumbeba.

Ulikuwa unaninyang'anya mtoto asubuhi, "Lete nikushikie, wewe wahi." Sasa nampeleka kwa Bibi Sekalinga, mjane wa nyumba ya mwisho. Ana watoto saba mle ndani, na moto katikati. Najua ungeniuliza kwa nini sikumpeleka misheni, kwa masista wenye maziwa na vitanda. Nilikwenda, mama. Wanafungua jua likishatoka, na nyapara anaita majina kungali giza. Mwenye kikohozi wanamrudisha, na kwenye ukungu huu mtoto gani hakohoi? Mgongoni nako marufuku, tangu mwenzetu mmoja alipoteleza shambani na mtoto wake. Baba yake Zawadi yuko Makongolosi anachimba dhahabu ya watu. Bibi Sekalinga anampokea alfajiri, na kikohozi chake, anamwimbia Kihehe. Basi nikamwachia.

Juzi nimerudi nikamkuta amelala. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa, shingo ikaanguka upande. Mama, niliogopa. Nikamnusa mdomo, unanuka pombe. Ulanzi.

Bibi aliapa kwamba ulikuwa mtamu, umegemwa kwenye mianzi asubuhi ile ile, kama ule uliokuwa unanipa mimi nikiwa mdogo. Namwamini. Ila kibuyu kilikaa karibu na moto, kufika mchana ukawa umeshachachuka na kuwa pombe, naye kwa uzee hakuonja tofauti. Zawadi aliamka alfajiri kungali giza, akalia. Nikalia naye.

Na asubuhi hiyo hiyo nikampeleka kule kule. Usinitukane, mama. Nilisimama mlangoni na mtoto mkononi, nasikia majina yanaitwa, sikuona pa kwenda pengine. Siku nzima nilichuma nikitetemeka, nyapara akadhani nina homa.

Nakuahidi hivi: kila asubuhi kibuyu nitakitoa nje mwenyewe, na jioni nitamnusa mdomo kabla sijasalimia mtu.

Lala, mama. Lakini mchana, kama huko mnaamka, nishikie mtoto.