Chenezo Kilichorudi Kutoka Makaburini

Mpendwa mshauri, Mzee Mwinyihaji, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi, kwa kuwa nimemwahidi mama yangu jambo Jumapili ijayo tukitoka kanisani, na sijui kama jambo lenyewe ni la kumridhisha mzazi tu au ni la kumwua.

Mimi ni Mrabai, naitwa Gershom mwana wa Ruwa, kwetu sasa ni Changamwe, na huu ni mwaka wangu wa sita nasomea usanifu wa majumba katika chuo kikuu kimoja Bara Hindi; shahada ya kwanza nimekwisha kuipata, na hii ya pili haipatikani kwa kukaa darasani, bali chuo hukutuma urudi kwenu ujenge nyumba uliyoibuni mwenyewe, halafu uipime ukuta kwa ukuta kwa mkono wako, uichore kama ilivyosimama, utie sahihi chini ya mchoro kwamba kila kipimo ni cha kweli, nami nikachagua kuwajengea baba na mama, na siku ya kuondoka profesa wangu akanipa tepu ya kupimia, ya kitambaa, ndani ya kibweta cha ngozi chenye muhuri wa chuo, nikaiona ni kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kushika.

Baba alikuwa mwashi miaka thelathini, na alikuwa akisubiri kwa hamu kunikosoa, lakini homa ikamchukua kwa siku nne, hata msingi haujachimbwa. Siku ya maziko baba yangu mdogo, Gona, akamtuma mtu akakate chenezo, ule ufito wa kumpimia maiti ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi, nami kwa ujuba wa elimu, na labda kwa kutotaka kulia mbele ya watu, nikasema ufito wa nini, baba yangu alikuwa fundi, hapimwi kwa kijiti, nikatoa tepu nikampima mimi: futi tano na inchi saba, na mabegani futi moja na inchi nane. Wewe wajua, Mzee, kwetu kilichompima maiti hakirudi nyumbani, huingia naye. Baba Gona akaninyoshea mkono palepale ukingoni mwa kaburi akasema, "Tia ndani." Nikamwambia hii ni mali ya chuo na kazi yake haijaisha, nikaipangusa udongo kwa leso, nikaitia mfukoni, watu wote wakinitazama. Akasema polepole, "Haya. Basi wewe endelea kumpima." Tangu siku ile hajakanyaga kwetu.

Nyumba nikaijenga kwa tepu hiyohiyo, mawe ya matumbawe na chokaa, mabati juu, vyumba viwili na ukumbi, mama akahamia mwezi wa tano, nami nikaanza kupima kwa ajili ya mchoro wa chuo. Mzee, nyumba kwa nje ina futi thelathini. Nikipima vyumba vya ndani na unene wa kuta zote nikajumlisha, napata ishirini na nane na inchi nne. Inakosekana futi moja na inchi nane. Nilidhani nimekosea, nikapima mara tano, mchana kweupe, milango yote wazi, na kila mara pengo ni hilohilo, na liko mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa chumba cha mama, linaanzia pembeni linakwenda futi tano na inchi saba, kisha linakwisha, ukuta unakuwa ukuta. Nikaazima tepu ya kontrakta mmoja wa Kihindi, nikapima nayo: hesabu ikakaa sawa, hakuna kilichopungua hata unywele. Nikarudia kwa tepu yangu, pengo likarudi. Nilipochora vipimo vyangu kama nilivyovipata, karatasini kikatokea chumba kidogo chembamba kisicho na mlango, na mkono uliokichora ni wangu.

Sikumwambia mtu. Wallahi sikumwambia, ingawa sisi si watu wa kuapa hivyo. Lakini siku moja baada ya chakula cha mchana mama, jina lake Sidi, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchicha, mgongo wake umeuegemea ukuta ule, akaniambia bila kuinua macho, "Mwanangu, babako umemjengea padogo. Hawezi kujigeuza." Nikamwuliza amesema nini, akasema, "Nimesema chumvi imekwisha." Nikaenda kununua chumvi.

Tangu hapo ameacha kwenda kwa majirani, ameacha hata kwaya ya akina mama, kutwa yuko pale ukutani, na ukimwambia twende Kisauni kwa jamaa anasema hawezi kumwacha mtu peke yake. Wala hana huzuni, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, maana anacheka, anapika chakula kingi kuliko cha watu wawili, na mwezi huu ameanza kuniomba nimpime na yeye kwa tepu ya baba, ili nipapanue pale wakae wawili. Mama yangu ni mtu mfupi, futi nne na inchi kumi na moja na robo, hana uzito wala makuu, hajapata kuniomba kitu tangu nizaliwe, na nafsi yangu inaniambia, Gershom, hiki ni kipimo tu, msomi gani anaogopa kitambaa chenye tarakimu, mpime moyo wake utulie. Ndiyo nimemwahidi Jumapili. Na jana nilipopima tena nyumba, Mzee, pengo limekuwa futi tatu kamili.

Mchoro unatakiwa chuoni mwisho wa Septemba. Nikichora kile chumba wataniona mwendawazimu, nikikiacha nitakuwa nimetia sahihi uongo. Nibomoe ukuta? Nimpime mama? Nishauri kama mwanao.

G.R., Changamwe, Agosti 1949

MWINYIHAJI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliondoa miwani nikaifuta, kwa kuwa umenificha jambo. Waniuliza kama umpime mama yako Jumapili. Mtu hajui urefu wa mama yake mpaka robo ya inchi kwa kumtazama. Na pengo lililokuwa futi moja na inchi nane, sasa ni futi tatu. Hesabu hii hata mimi niliyesoma chuo cha Kurani na juzuu tu naiweza. Limezidi futi moja na inchi nne. Mabega ya nani hayo, Gershom? Umekwisha kumpima. Ulimpima, ukaogopa, ukaniandikia kuomba ruhusa ya jambo ulilokwisha kulifanya.

Sikutukani. Najua ulivyokuwa: mama amekuomba, na wewe umechoka, na umesoma vitabu. Lakini hebu nikuulize, huko Bara Hindi walikufundisha kwamba kazi ya mtu ikiisha kifaa hurudi sandukuni, au hawakukufundisha? Chenezo kina kazi moja. Baba yako mdogo alikunyoshea mkono mbele ya kaburi la nduguye, nawe ukamwambia habari ya mali ya chuo. Hapo ndipo ulipokosea, si kwenye ukuta. Ukuta usiuguse. Ukiubomoa utakuta mawe na chokaa uliyoichanganya mwenyewe, na mama yako atakuona umebomoa juu ya kichwa cha mumewe.

Sasa nisikilize, na ufanye kwa mpango huu, usiruke.

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa Gona. Usiende na kofia yako ya chuo. Mwamkie, piga magoti ikiwa ndiyo desturi yenu, mwambie nilikuaibisha mbele ya watu na nakuomba radhi. Atakusuta kidogo. Nyamaza usutwe. Halafu mwombe akupokelee mama yako nyumbani kwake mpaka mwaka wa msiba ugeuke, wala mama asilale tena chumba kile hata mchana.

Tepu usiitie motoni wala baharini, na usije ukajipa ushujaa ukaenda kuifukia peke yako. Kipimo cha mama yako sasa kimo ndani ya kile cha baba yako, na wewe ukiifukia, umefukia vyote viwili. Itapelekwa kaburini, nanyi mtakuwa watatu, wewe, Gona na mama yako. Kaburi lisifunuliwe, padri wenu asije akanilaani bure. Gona achimbe kina cha mkono upande wa kichwani, basi. Lakini mkono wa kuitia ndani uwe wa Bi Sidi mwenyewe, na udongo wa kwanza autie yeye, maana azikaye ndiye abakiaye.

Mchoro wa chuo pima kwa tepu ya yule kontrakta, uandike chini kwamba umeipima kwa hiyo na kwamba ile ya chuo umeizika na baba yako. Profesa akikuuliza zaidi, mjibu. Naye ana baba. Kisha urudi ukamalize masomo yako, maana elimu haina kosa, na watu wetu wa Kisauni na Changamwe wanahitaji mtu wa kuwajengea.

Utaniambia mama hatakubali kwenda makaburini. Kweli, hatakubali, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Katika barua nzima umenieleza jinsi baba alivyopimwa, alivyochimbiwa, na nyumba ilivyojengwa, na hukusema popote kwamba mmelia. Wewe ulipangusa udongo kwa leso, ukaanza kuchimba msingi, naye akahamia nyumba mpya akaendelea kupika. Keti naye mkekani, mpokonye mchicha, mshike mikono, umwambie kwa mdomo wako: Mama, baba amekufa. Mwambie mpaka asikie.

Atakukasirikia. Atakuita majina ambayo hujapata kuyasikia kwake, na huenda akakupiga. Mwache akupige, mwanangu. Siku zote hizi amekuwa mpole kama wafu.