Njuga Zikinyamaza

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, daftari juu ya goti. Ndani baba Kabula amelala, maana ametoka zamu ya usiku kiwandani, na hapa uani Kabula anacheza. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimesahau niliyofundishwa. Kila mistari miwili naitwa. Sasa hivi ameniletea jiwe, nikasema asante, akalichukua tena akaondoka nalo.

Kabula ni mjukuu wako. Hukumwona. Ulituacha wakati wa vuli, naye akaja na masika iliyofuata, ndiyo sababu baba yake akampa jina la mvua, kama ilivyo kwao Usukumani. Sasa ana miaka miwili na miezi minne. Paji la uso ni lako. Miguu sijui ni ya nani, mama, haitulii.

Unazikumbuka zile njuga? Mama mdogo alinikabidhi siku ya kuondoa matanga, zikiwa ndani ya kopo la chumvi, nne, zimeshonwa kwenye ukanda wa ngozi. Akaniambia, “Mama yako alisema hizi ni za mtoto wa Vero.” Mimi sikumbuki nilivyozivaa. Nakumbuka zikiwa mguuni kwa Tereza, mdogo wangu, kule Nansio. Wewe umeinama unapalilia muhogo, na ziwa liko chini yetu, hatua chache tu, nyuma ya matete. Tereza alikuwa haishi safari. Anashika mpini wa jembe, anaacha. Anafukuza kuku, anaacha. Anakaa na mimi tuchambue kunde, anatoa punje tatu mbovu, ya nne anaitia puani, huyo ameondoka. Wewe hukuinua hata kichwa. Ulisema tu, “Tereza, nakusikia.”

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimechoka kumfuata. Nikakuuliza kwa nini humwambii akae. Ulinyooka, ukashika kiuno, ukacheka.

“Akae afanye nini? Ziache zilie. Zikinyamaza ndipo nitatupa jembe.”

Na kuna siku zilinyamaza kweli, na jembe ulilitupa kweli. Ulikimbia kwanza ziwani, ukarudi, ukapita katikati ya mtama ukiita. Tereza alikuwa amelala kwenye mfereji wa tuta, mdomo wazi, mzima kabisa. Ulikaa chini pale pale kwenye udongo ukalia. Sikuelewa ulilia nini na hali mtoto tumempata. Sasa naelewa.

Nakumbuka na jingine. Mwaka ule mlipoanza kisomo cha watu wazima pale ofisi ya kijiji, ulirudi siku ya kwanza umenuna. Ulisema, “Mwalimu anataka tukae saa nzima tunaangalia ubao. Mtu mzima mimi, nusu saa tu nikaanza kuwaza muhogo wangu juani.” Lakini uliendelea. Nilipoolewa nikaja Mwanza ukaniletea barua uliyoiandika kwa mkono wako, maneno matano: Vero mwanangu mimi mzima. Mama. Ninayo mpaka leo. Sikukujibu. Nilisema nitakujibu nikipata nafasi ya kukaa vizuri.

Basi mama, nafasi ya kukaa vizuri haikuja, na leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililifanya ambalo sina mwingine wa kumweleza.

Nilizivua zile njuga.

Tunakaa Igogo, chumba kimoja, nyumba ya vyumba sita. Baba Kabula anaingia asubuhi amejaa vumbi la pamba kichwani, anataka kulala, na Kabula ndiyo kwanza anaanza siku. Njuga zinalia kutoka mlangoni mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka chini ya meza. “Mama Kabula, kwa hisani yako,” anasema, na sauti yake siyo ya ukali, ni ya mtu anayeomba maji. Nikazivua nikazirudisha kwenye kopo.

Mtoto akawa anakwenda kimya. Niko jikoni, nageuka, hayupo. Niko kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika, nimemweka mbele yangu juu ya ndoo, nageuka kumsalimia mtu, hayupo. Nikitoka kumfuata, nafasi imekwenda. Mara ya tatu mzee mmoja wa foleni ile akaniambia, “Binti, funga huyo mtoto au uache safari za duka.” Watu wakacheka. Nilirudi bila sukari, na nikamfunga kweli, mama. Nilimfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Alifurahi kwa muda mfupi, akadhani ni mchezo. Halafu akaanza kulia, nikamchapa.

Jirani yangu wa chumba cha pili, Mama Leokadia, Mhaya, mtu mwema sana, alikuja na maneno yake. Leokadia wake ni wa umri uleule wa Kabula, na yeye ukimpa gunzi la mahindi alifunge mgongoni unamkuta palepale.

“Wako ana mchango huyo, minyoo ya tumbo ndiyo inayomkimbiza,” akasema. “Na ni wa kike. Wa kike hawi na miguu hivi. Jikoni atakaa lini?”

“Hata miaka mitatu hajafika, Mama Leokadia.”

“Ndiyo hivyo hivyo wanaanza.”

Nilimnywesha dawa za mizizi aliyonipa. Nilimpeleka kwa mama mmoja anayeombea watu. Na mimi mwenyewe, mama, kila nilipopiga goti niliomba neno moja tu: atulie. Sikuomba sukari, sikuomba chumba kikubwa. Niliomba mtoto wangu atulie.

Halafu siku moja Mama Leokadia aliingia amembeba Kabula, nguo zinachuruzika. Alimkuta kule kwenye mawe tunakofulia, maji yamemfika kifuani, anapiga makofi juu ya maji. Baba Kabula aliamka akamwona hivyo. Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akasema, “Nitamwandikia dada amchukue. Kwake ni mbali na ziwa, na watoto wakubwa wapo. Akifika miaka mitano atarudi.”

Nilikubali. Nataka ulijue hilo. Sikulia, sikubisha. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilihesabu siku, na siku zenyewe niliona zinakwenda polepole.

Wifi yangu anakaa ng’ambo, upande wa Sengerema. Tulikubaliana avuke aje kumpokea Kigongo. Asubuhi ile Kabula aliamka mtulivu. Alikubali kuvaa gauni. Baba yake alirudi kutoka kazini akambeba kumuaga, naye akamlalia begani bila kumvuta sikio kama kawaida yake. “Ona,” akasema, “amekubali kwenda.” Kwenye basi alikaa mapajani kwangu njia nzima, hakutaka dirisha, hakuvuta kilemba cha mama wa mbele. Mama, nilimshukuru Mungu. Ndani ya basi lile nilifumba macho nikasema asante, umenisikia.

Kigongo palikuwa pamejaa, malori ya pamba yamepanga mstari yakisubiri pantoni. Wifi alikuwa amekwisha fika, ana mwavuli na kikapu. Nikamsalimia, nikafungua furushi, nikatoa kopo la chumvi. Nilikuwa nimezichukua zile njuga nimpe wifi, nikamweleza kama ulivyonieleza wewe: ukizisikia endelea na kazi. Nikazifunga mguuni kwa Kabula, nikamweka chini. “Haya, tembea, shangazi akusikie.”

Alisimama. Akapiga hatua moja. Akakaa chini.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha akasema, “Hongera, mwenzetu. Wangu angekwisha ingia majini. Huyu wako kama mgeni wa padri.”

Wifi akacheka. “Mlisema ana fujo huyu? Mlimsingizia.”

Mimi nilikuwa nasikiliza. Kelele zote zile, malori, wachuuzi, kengele ya pantoni, na katikati yake nilikuwa nasikiliza mguu wa mtoto wangu, na mguu ulikuwa kimya. Nilisikia sauti yako kama uko nyuma yangu na jembe mkononi. Nikapiga magoti nikamshika paji la uso. Mama, alikuwa moto. Alikuwa moto tangu nyumbani, na mimi nilimbeba njia nzima nikidhani ni joto la basi.

“Ni jua tu hilo, wifi,” akasema shangazi wa mtoto. “Panda, pantoni inajaa. Tutampoza ng’ambo.”

“Mtoto havuki.”

“Unasema?”

“Havuki, wifi. Nisamehe.”

Alinitazama. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri. “Mmenifanya mimi mpira?” akasema. Halafu akainama, akamshika Kabula shingoni kwa mkono wake mwenyewe, na uso ukambadilika. Alivua kanga ya juu, akashuka akaichovya ziwani, akamfunika nayo mtoto, akaenda kusimama mbele ya lori lililoshuka kwenye pantoni kuelekea mjini mpaka dereva akasimama. Tulipanda mbele, watatu, kikapu cha wifi miguuni kwa dereva.

Degedege lilimshika hospitali, kwenye benchi, kabla hatujaitwa. Sitakuandikia hilo. Muuguzi aliyempokea alikuwa mtu mzima, mkali, alimchukua mikononi mwangu akaondoka naye haraka. Baadaye alirudi akaniuliza ameanza lini. Nikamwambia tangu asubuhi alikuwa ametulia vizuri.

“Vizuri?” akasema. “Mwenye miaka miwili atulie kutwa, wewe ukaona vizuri?”

Nikaanza kumweleza yote nikilia, mchango, foleni, mguu wa kitanda, shangazi. Alinisikiliza amesimama.

“Wewe binti umesoma?”

“Darasa la saba.”

“Basi nisikilize. Wa umri ule ukimpata akae na kitu kimoja muda wa kumenya ndizi tatu, amejitahidi. Analiacha lile anashika hili, hiyo ndiyo kazi yake, ndivyo anavyojifunza. Hana ugonjwa. Ugonjwa ni huu wa leo. Na mngevuka naye mkaenda kumpoza kwa kanga, ningekuwa naongea na wewe mambo mengine.”

Siku tatu alilala. Nilipata utulivu wangu wote niliouomba, mama, siku tatu. Nilikaa pembeni ya kitanda naangalia miguu yake imenyooka kama ya mtu mzima, njuga bado zipo, maana nilikataa zivuliwe. Wifi aliniletea uji asubuhi na jioni. Baba Kabula alikuja moja kwa moja kutoka zamu, akasimama, akawa anamgusa wayo kwa kidole, njuga ikisogea kidogo, anasikiliza, anagusa tena. Mimi nilimwambia Mungu kwamba ombi langu la mwanzo alifute. Nilimwambia hata nisilale miaka kumi.

Siku ya nne, mchana, mama wa kitanda cha jirani ananieleza habari za kwao, nikasikia mlio. Mmoja tu. Halafu wa pili. Kabula alikuwa amekunja goti. Alifungua macho, akatazama ukuta, akatazama chandarua, akakishika, akakiacha, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha uji. Wodi nzima ilinyamaza inasikiliza. Yule muuguzi alisimama mlangoni.

“Kwa kawaida kelele hapa siruhusu,” akasema. “Leo sijasikia kitu.”

Wifi alivuka peke yake Jumamosi ile. Aliniambia, “Kaa na mwanao. Ukichoka niite nije mimi, siyo yeye aje.”

Na kuchoka nachoka, mama, nisikudanganye. Leo tangu asubuhi amecheza na mfuniko wa sufuria, na ndala ya baba yake, na mchwa, na mfuniko tena. Siku moja nilimpa kunde tuchambue, nikamtazama bila kumharakisha. Alitoa punje sita. Ni mara mbili ya Tereza. Akikaribia moto au maji bado ninasema hapana, na akirudia ninamwondoa kwa mkono, na analia, na ninamwacha alie. Lakini kanga ya mguu wa kitanda nimeichana vitambaa vya jikoni. Baba yake alikuja na dawa yake mwenyewe: kila asubuhi anatoa kipande cha pamba mfukoni, anaziba masikio, analala. Anasema kwa mara ya kwanza kiwanda kimemfaa.

Mama Leokadia alikuja juzi akasimama mlangoni. Leokadia ameacha gunzi, siku hizi anamfuata Kabula kila aendako. “Mama Kabula,” akasema, “hizo kengele zenu mnazinunua wapi?” Nilikata ukanda, nikampa mbili. Natumaini hutanikasirikia. Kwa hiyo sasa uani hapa kuna njuga mbili huku na mbili kule, na mimi katikati naandika, na kila baada ya muda nasema bila kuinua kichwa, “Nakusikia.” Jana nilijishtukia, maana nililitamka kwa sauti yako kabisa.

Nilitaka nikuombe radhi kwa kutokujibu ile barua yako. Na nilitaka kukuuliza kama siku ile kwenye mtama ulipokaa chini ukalia, na wewe ulikuwa umewahi kuomba kile nilichokiomba mimi. Kama ndivyo, basi tuko wawili, na aibu imenipungua kidogo.

Yapo mengine, mama, na karatasi bado ipo. Lakini njuga zimenyamaza, zote nne. Natupa kalamu.

Mwanao,
Mama Kabula